Boriti ya msana wa yuu

Mwanangu wa pili alikuwa amelala chali mkekani kwa Bibi, Lamu, akaniuliza kwa nini vyumba vya huku ni virefu lakini vyembamba. Kalelewa Nairobi, chumba kwake ni mraba. Nikamwonyesha boriti za dari: mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba mawe hauvuki mita tatu hivi, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Akaridhika, akarudi kwenye simu. Mimi nikabaki nikiitazama ile ya tano kutoka mlangoni.

Hadithi yake ni ya 2018, mwaka ule serikali iliposimamisha ukataji miti mwezi Februari na wakata mikoko wetu wakabaki kukaa barazani. Dari ya msana wa yuu, chumba kirefu anacholala Bibi, ilishaanza kudondosha chokaa kitandani kwa Bibi. Ami alishaamua: ivunjwe, imwagwe zege, yaishe. Bei ya nondo alishaulizia. Bibi akasema basi wamzike kwanza. Mabishano nayaruka, mnatujua.

Akaitwa fundi, mzee wa kijiji cha Matondoni. Alipanda ngazi na nyundo ndogo, akawa anagonga boriti mojamoja, kwanza katikati, kisha ncha inapoingia ukutani. Kila moja ilijibu kwa mlio mkavu, mkali. Ile ya tano, upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani, ikatoa sauti ya gunia. Akagonga tena, akatulia. Akachomoa patasi, akaisukuma kwa kiganja tu, bila nyundo. Ikazama karibu na mpini. Ilipotoka ilikuwa na unga mweusi, mbichi.

"Mchwa?" Ami akauliza.

"Mchwa hawaupendi mkoko. Maji haya. Ndoo uone."

Ami akapanda, na kanzu yake, akashika ule unga kwa vidole viwili, akanusa. Juu ya paa mfereji ulikuwa umeziba, na mvua za miaka zilikuwa zikinywewa na ukuta. Tuliposimamisha nguzo za kuegemeza, tukapangua mawe ya juu na kuishusha, fundi aliikata shibiri chache tu kutoka pale ilipooza. Msumeno ukaanza kulia. Ndani mti ulikuwa mwekundu uliokolea, mgumu kiasi cha kumlazimisha apumzike mara kwa mara. Mti uliokatwa kabla Bibi hajazaliwa! Ami hakusema kitu, na kwa Ami hilo ni tukio.

Kazi ikawa kupata nyingine. Zamani boriti ziliuzwa kwa korja, ishirini ishirini, majahazi yakizipeleka Ghuba mpaka Kenya ilipozuia usafirishaji 1982. Sisi tulikuwa tunatafuta moja. Tukaipata kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa mtaa wa pili, kwa bei ambayo mwenye kifusi alijua hatuna budi kuilipa. Nzito, imenyooka, haina ufa. Ila imepungua shibiri nzima.

"Basi ukuta utaifuata," fundi akasema.

Ami akacheka, akidhani ni mzaha. Kesho yake mzee alianza kujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, akitokeza safu baada ya safu kuelekea chumbani, mpaka ncha ya boriti ikapata pa kukalia. Kwa hiyo chumba cha Bibi pale juu kimebana zaidi kuliko walivyokiacha waliokijenga, na ukipita na godoro utajua.

Ami anasema zege lingemaliza kazi. Mimi humjibu kwamba kwa hewa hii ya chumvi nondo nazo huoza, tena ndani kwa ndani, na patasi haiingii kukwambia. Lakini boriti za kununua kwenye vifusi nazo zitaisha, na leo asubuhi nimegonga mbili za upande wa daka, ukumbi wa mlangoni, moja sikuuelewa mlio wake. Yule mzee hapandi ngazi tena. Ami amenitumia bei mpya ya nondo kwenye simu. Sijamjibu.