Uji wa wenzake

Leo mwalimu mkuu alinipokea na habari aliyoamini itanifurahisha: kuanzia muhula ujao, uji wa watoto wote utapikwa bila karanga kwa ajili ya mwanangu. Nimemshukuru kwa moyo wote, kisha nikamwomba asifanye hivyo.

Najua wapo watakaonishangaa. Mwanangu ana miaka mitano, na karanga kwake ni sumu. Ikimwingia mdomoni hata kidogo, midomo huvimba, mwili hutoka mabaka, sauti hukwaruza, kifua kikabana. Daktari alituambia bila kuficha kwamba mzio wa namna hii unaweza kumuua mtoto kwa dakika chache. Lakini watoto wa darasa lile nawajua pia. Wapo wanaotoka majumbani kwao hapa Ngamiani, mjini Tanga, hawajatia kitu tumboni, na kikombe kile cha saa nne ndicho kifungua kinywa chao. Karanga ndizo zinazoupa uji ule mafuta na protini kwa bei ambayo shule inaimudu. Sikuona haki wangu alindwe kwa kuwapunguzia wenzake. Nilichomwomba mwalimu kina kazi zaidi, kwa sababu kinategemea mikono ya watu wengi, kila siku ya shule.

Kwanza, unga. Watu huangalia kilichomo kwenye sufuria, mashine ya kusaga wanaisahau. Mtu anaweza kukuletea unga wa mahindi matupu kwa nia safi kabisa, kumbe mashine imetoka kusaga lishe ya mwenziwe, ulezi na mtama na soya na karanga, na masalia yamebaki humo ndani. Ndiyo maana uji wa mwanangu ni wa mchele na tui la nazi. Mchele nautwanga mwenyewe, kwenye kinu ambacho hakijatwangiwa karanga, na kuupeleka kwenye kopo lenye mfuniko. Bibi mpishi humpikia yeye kwanza, kabla hajafungua mfuko wa lishe. Leo nimempitia jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwiko wa mjukuu wangu ule pale, nimeutundika mbali. Hata mimi siugusi mpaka ninawe."

Mama yeyote aliyewahi kumwacha mtoto mgonjwa mikononi mwa wengine atajua maneno yale yalinifikia wapi.

Halafu, mikono. Tumekubaliana watoto wote wanawe kwa sabuni wakimaliza kunywa, si kabla tu. Maji matupu hayatoshi kuondoa karanga mkononi, na dawa ile ya chupa ya kupakaa, iliyojaa mashuleni wakati wa korona, nayo haitoshi. Kipande cha sabuni kinafanya kazi hiyo. Na sitaki atengwe. Anakaa mwisho wa benchi karibu na mwalimu, pamoja na rafiki yake ambaye naye hunywa uji wa mchele. Natwanga wa watoto wawili.

Kinachoniogopesha zaidi ni ukarimu. Sisi wa pwani tumelelewa kumkaribisha kila mtu kwenye chakula, na mtoto anayekataa huonekana hana adabu. Mwanangu imebidi nimfundishe kukataa kwa heshima: "Ahsante, mpaka mama aone." Mama muuza kashata wa getini nilimweleza mapema, na sasa yeye mwenyewe humwondoa mezani kwake. Ndugu wengine walinishauri jambo hili libaki siri ya nyumbani, mtoto asije akaonekana ana kasoro. Siri hiyo ingemlinda nani?

Shangazi yangu anasisitiza nimzoeshe kidogo kidogo. Hakosi msingi kabisa: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka London ulionyesha kwamba watoto wachanga walio hatarini wakilishwa karanga mapema, wengi huepuka kupata mzio huo. Ila wale walikuwa wachanga, wakifuatiliwa na madaktari. Kwa mtoto ambaye mzio umeshamshika, kumzoesha nyumbani kwa kijiko ni kucheza na roho yake. Maziwa nayo, ambayo kila jirani anayataja, hayazuii chochote. Vidonge vya mzio hupunguza muwasho, lakini koo likianza kuziba, dawa ni adrenalini.

Zile sindano za adrenalini za kujichoma, zilizokwisha tayarishwa, sikuzipata hapa mjini. Tunatumia ampuli, kile kichupa kidogo cha dawa, na bomba dogo la sindano, kwa maelekezo ya daktari. Dozi aliyoandikiwa mwanangu ni 0.15 ya mililita, kwenye paja upande wa nje. Walimu wawili walijifunza kwa kuchoma machungwa ya Muheza, na nimemheshimu sana yule aliyesema anaogopa sindano, kisha akachukua chungwa la pili. Dawa inakaa ofisini kwenye kabati lisilofungwa kwa ufunguo, mbali na dirisha, kwa sababu joto na mwanga wa jua huiharibu. Karatasi ya ukutani inasema: choma kwanza, mlaze, inua miguu, akihema kwa shida mwache akae, asisimamishwe wala kutembezwa. Ndipo ipigiwe simu bajaji, wavuke reli kwenda hospitali ya Bombo, hata kama ameshapata nafuu, maana hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mwalimu mkuu amekubali: lishe ya wenzake ibaki na karanga zake, na sabuni nitachangia mimi na wazazi wengine wawili waliojitolea. Bado madrasa. Maulidi yakija watoto hugawiwa halua na kashata kwenye sinia moja, na ustadhi hajajua lolote. Kesho baada ya alasiri nitakwenda kwake na nakala ya ile karatasi, na machungwa machache.