Kumchora Mtu Mmoja kwa Miaka Mingi: Namna Tulivyofikia Kufanya Kazi Pamoja

Ninachora picha za watu kwa rangi za mafuta hapa Unguja, na kwa miaka mingi sasa sehemu kubwa ya kazi yangu inamhusu mwanamke mmoja, msusi wa mikeka wa Ng'ambo, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana. Wachoraji wenzangu huniuliza mara kwa mara jinsi ninavyoweza kurudi kwa mtu yuleyule bila sisi wawili kuchokana na bila picha kufanana, nami naona ni vyema nieleze kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tumejifunza kuchora uso wa mtu lakini hatukufundishwa namna ya kuishi na mwenye uso huo.

Tulianza kwa malipo. Nilimlipa kwa saa, kwa kiwango kisichopungua kile ambacho angekipata kama muda huo angeutumia kusuka, kwa maana nimewaona wachoraji wanaodhani kwamba mtu anayekaa kuchorwa amepumzika tu. Kukaa mkao mmoja huku shingo imeinama na mkono mmoja umenyooshwa ni kazi inayouma mgongo. Tulikutana uani kwake, mlango ukiwa wazi, watoto wakiingia na kutoka, na mumewe nilikuwa nimekwisha kuzungumza naye kabla sijapeleka hata penseli. Nilikuwa nimesoma habari za Andrew Wyeth wa Marekani, aliyemchora jirani yake Helga Testorf tangu mwaka 1971 hadi 1985, michoro na picha zaidi ya 240, huku mke wake mwenyewe akiwa hana habari kamili ya kazi hiyo. Picha zile ni nzuri mno, hasa zile zinazoonyesha nywele za Helga zilivyosukwa, lakini siri ya namna hiyo sikuitaka. Katika mitaa yetu jambo lifanyikalo kwa siri hupewa maelezo na majirani, na maelezo hayo humwangukia zaidi mwanamke anayechorwa kuliko anayechora.

Kwa muda mrefu uhusiano wetu ulibaki hapo: mimi nilisema akae vipi, yeye akakaa, tukaagana kwa heshima. Kilichotubadilisha ni mikono yake. Nilitaka kumchora akisuka, nikamwomba ausimamishe mkono katikati ya kazi, naye akaniambia, "Mdogo wangu, mkono ukisimama huo si wa msusi tena. Wewe tazama, mimi nitasuka, utaniambia umeona nini." Akaendelea. Nilimtazama akichukua ukindu, yaani jani la mkindu, uliokwisha kukaushwa, kupasuliwa na kuchemshwa kwa rangi, akiupitisha mmoja juu ya mwingine kwa kidole gumba huku kidole cha shahada kikibana pindo ili lisifumuke, na kila alipofika ukingoni mwa ukili, ule utepe uliosukwa ambao huunganishwa kuwa mkeka, kidole kile kilijikunja kwa namna moja, kikasita kidogo, kisha kikaachia. Kusita kule ndiko nilikokuwa nikikutafuta. Kwa kuwa kulijirudia kila ukingo, niliweza kukusubiri kwa mkaa mkononi, nikaongeza mstari mmoja kila mara kidole kiliporudi pale pale. Picha iliyotokana na siku zile ina uhai kwa sababu msusi ndiye aliyechagua iwe ya tendo gani, na tangu hapo sikumpangia tena mkao; humuuliza kwanza ana kazi gani siku hiyo.

Naye akaanza kunidai mambo. Alitaka kuona kila hatua ya picha, akaeleza kwa nini zambarau yangu haikukaa vizuri kando ya kijani, kwa maana yeye huzipanga rangi hizo kila siku katika mikeka yake na hutenganisha mbili zenye nguvu kwa ukindu usiotiwa rangi. Nilichukua ushauri huo moja kwa moja katika turubai. Baadaye akaomba niziache kwake karatasi zangu za mazoezi, na baada ya majuma kadhaa akanionyesha ukili wenye mchoro alioutoa katika mistari yangu ya kivuli. Ninaamini kwamba hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza hasa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikihitaji kwa kazi yake mwenyewe.

Suala la fedha lilirudi siku nilipomwonyesha kwenye simu picha ya Tutu, iliyochorwa na Ben Enwonwu wa Nigeria. Nilimweleza kwamba binti yule, Adetutu Ademiluyi, alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Ife, kwamba Enwonwu alimchora mara tatu miaka ya 1973 na 1974, wakati Nigeria ingali na majeraha ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba moja ya picha hizo iliuzwa kwa mnada jijini London mwaka 2018 kwa zaidi ya pauni milioni 1.2. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yeye mwenye sura alipata nini?" Swali hilo lilikuwa la haki, tena lilikuwa letu. Hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya mchoraji, lakini hakuna kinachomzuia mchoraji kukubaliana zaidi ya hapo na mtu aliyemchora. Tuliandika karatasi yetu: pamoja na malipo ya saa, yeye hupata sehemu ya bei ya kila picha inayouzwa, na ana uwezo wa kukataa picha yoyote isiuzwe wala isionyeshwe.

Uwezo huo ameutumia. Mumewe alipofariki akakaa eda, miezi minne na siku kumi, sikupeleka karatasi wala penseli. Nilikwenda kukaa naye kama wengine waliokwenda kukaa naye. Eda ilipokwisha, yeye mwenyewe aliniomba nimchore, na picha ile, kwa maoni yangu, ni bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Alipoiona alisema ibaki kwake. Mnunuzi mmoja aliyeisikia habari yake alitaja bei ambayo ingetufaa sana sote wawili, nikampelekea mwenzangu ujumbe kama tulivyokubaliana, naye akakataa. Iko chumbani kwake, na wanaoingia chumbani humo ni wachache.

Siku hizi macho yake hayavumilii kazi ndefu, kwa hiyo vikao vyetu ni vifupi na aghalabu huishia kwenye mazungumzo. Kazi tuliyo nayo sasa ni turubai kubwa ambayo pembeni mwake utashonwa ukili aliousuka yeye, uwe sehemu ya picha. Yeye anataka ukili uwe mpana na wenye rangi tatu; mimi nahofia utaumeza uso. Tumekubaliana asuke vipande viwili, tuviweke kandokando ya turubai juani, kisha tuamue.