Matunda yasiyovuka maji

Wiki mbili zilizopita nilinunua mapea ishirini, yaani maparachichi, nikayapanga jikoni juu ya gunia, na mpaka leo manane hayajaiva. Yamenywea tu. Ganda limekunjamana kama uso wa mtu aliyenyimwa deni lake, na ukilibonyeza linakurudishia kidole kama raba. Aliyeniuzia aliapa kuwa ni za aina ya Hass, safi za Murang'a, na kwa jina hakudanganya, ni Hass kweli. Alichonificha ni kwamba zilichumwa changa. Pea haliivi mtini hata likae vipi, huanza kuiva likishakatwa. Lakini likikatwa kabla ya kukomaa halina cha kuivia, hata ulivumbike na ndizi mwezi mzima. Ndiyo maana serikali hufunga msimu wa kuyapeleka nje kwa meli mwaka unapokaribia kwisha, ili machanga yasiende kuharibu jina huko Ulaya. Mimi wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, sina wa kunifungia msimu. Nina kidole gumba changu, na siku ile nilikuwa na haraka.

Kwa msionijua: nauza juisi hapa Amu, ndiyo Lamu, dakani, barazani mwa nyumba yetu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Blenda moja, meza moja, na ubao ambao mtoto wa dada yangu huuandika upya kila asubuhi na kukosea hesabu. Nasema pea kwa sababu bibi yangu alisema pea. Watu wa bara wanasema avokado, Watanzania wanasema parachichi, na wote nawauzia.

Hasara ya mapea manane ilinitia ubishi. Je, hizi Hass ninazokimbilia kwa bei ya juu zinanifaa kweli? Basi Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nikapanga sinia. Hass kutoka zile kumi na mbili zilizonusurika. Fuerte mbili, aina nyingine ya pea, zilizoshuka na basi la Mombasa. Na pea moja la ami yangu kutoka Hindi. Hindi hii ni ile ya bara, ukishavuka maji na kupita Mokowe, si India. Kuna mgeni aliwahi kuniuliza kama tunayaleta kwa ndege.

Hass ni ndogo, ganda gumu lenye vipele, na ikiiva inaacha ukijani inaingia weusi kama wa zambarau. Kisu kikigusa ganda kinakwaruza, halafu kinazama bila sauti. Hakuna hata tone linalodondoka. Kokwa dogo, limejibana pale pale kama limejengewa.

Fuerte ina shingo kama kibuyu na haibadiliki rangi. Imeiva au haijaiva, ni kijani ile ile, kwa hiyo macho hayakusaidii, lazima uishike. Ganda lake jembamba unalimenya kwa vidole.

Pea la ami lilijaza viganja vyangu viwili. Laini, linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi. Ukilitikisa sikioni, kokwa linagonga ndani, tok, tok, na hivyo ndivyo ami alivyotufundisha tangu utotoni kujua kwamba tayari. Nilipolipasua, maji yalichuruzika kwenye kisu mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Waamuzi walikuwa mama, jirani yangu, mtoto wa dada yangu wa miaka tisa, na bwana mwenye punda anayeniletea barafu. Kwanza tulikula hivi hivi, kwa chumvi na ndimu. Hapo sina la kubishana: Hass iliwashinda wenzake mbali. Mama alifumba macho akasema, "Hii ni samli." Pea la ami baada ya hapo likaonekana kama limeoshwa. Jirani alilitema kidogo kwa adabu, kwenye kitambaa, akidhani sikumuona.

Halafu nikawasha blenda. Maziwa, sukari, barafu, kila pea kwa kipimo kimoja. Gilasi ya Hass ilisimama. Kijiko kiliingia na hakikuanguka upande. Ukiizimua kwa maziwa zaidi unakunywa maziwa, ukiiacha unakula uji, na ulimi unabaki na utando wa mafuta unaohitaji maji kuuosha. Gilasi ya pea la ami ilitiririka, ikatoa povu juu, rangi ya kijani changa, na utamu wake ambao mdomoni ulikuwa mwepesi mno sasa ukapata mahali pa kukaa. Mtoto akasema: "Ile chakula, hii juisi." Bwana wa punda hakusema kitu, aliinua gilasi tupu tu akaniangalia. Fuerte ilikuwa katikati kwa kila jambo. Jioni nilipowauliza tena, mama alikuwa ameshasahau kama kulikuwa na ya tatu.

Nikiri kasoro: juisi ya pea la ami haingoji. Niliyoibakisha kwenye friji ilijitenga kabla ya magharibi, maji ya kahawia yakaelea juu. Ile ya Hass ilikuwa bado imesimama.

(Bwana wa punda alitaka kuondoka na maganda ampe mnyama wake. Nikamkatalia, akadhani nina choyo. Majani na maganda ya mpea yana sumu iitwayo persin. Binadamu hatusumbui, lakini farasi na mbuzi huugua, ndege ndiyo kabisa, na punda ni ndugu wa farasi. Hapa kwetu punda anafungua kila mfuko wa taka anaoukuta kichochoroni, kwa hiyo maganda yangu nayafunga peke yake, fundo mbili.)

Tofauti ya Hass na pea la ami ni mafuta. Nyama ya Hass iliyokomaa hufika hata asilimia 18 na kupita. Mapea ya nchi za joto, makubwa na laini kama la ami, mara nyingi hayafiki 10. Wataalamu huyagawa katika koo tatu: la milima ya Mexico, la Guatemala, na lile wanaloliita la Karibi, ambalo ndilo la pwani na mabonde ya joto, na ndilo linalovumilia chumvi kwenye udongo kuliko wenzake. Kwa mtu ambaye maji ya kisima chake yanabadilika ladha wakati wa kiangazi, hilo la chumvi si jambo dogo. Na wote hao, koo zote tatu, ni ndugu wa mdalasini. Hilo lilimfurahisha mama kuliko kitu chochote nilichomwambia mwezi huu.

Hass na Fuerte zina majina kwa sababu zina wazazi wanaojulikana. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua huko California. Mche mmoja uliomtokea shambani, ambao alitaka kuukata, ukazaa matunda haya, akauandikisha hataza mwaka 1935. Kila Hass duniani, ya Murang'a au ya Peru, imebebeshwa kutoka kwa kijiti kilichotokana na kijiti cha mti ule mmoja, na mti wenyewe ulikufa mwaka 2002. Fuerte nayo ilitolewa vijiti Atlixco, Mexico, mwaka 1911. Baridi ya 1913 ilipoua miche California, yenyewe ikasimama, wakaiita kwa Kihispania "yenye nguvu". Moja basi ilisifiwa kwa kustahimili barafu. Nyingine ikawa mfalme wa soko kwa sababu ganda lake linavumilia kreti, lori na meli. Hakuna aliyeuliza zitakuwaje kwenye blenda ya Langoni wakati wa kaskazi.

Pea la ami halina jina. Babake alifukia kokwa karibu na josho la mbuzi, na kokwa la pea halirudishi mama yake, linatoa linachotaka. Mti ule ulizaa kidogo miaka mingi mpaka ami alipopanda mwingine karibu. Ua la mpea hufunguka kwanza kama jike, hujifunga, kisha siku ya pili hufunguka kama dume, kwa hiyo mti ulio peke yake mara nyingi hukosana na nafsi yake. Ami anasema ni mti wenye haya. Mimi nasema ni mti wenye ratiba.

Jambo lililonikaa kichwani tangu Ijumaa ile ni ganda. Pea la ami lina ganda la kufika Mokowe, likivuka na boti lina michubuko, likifika kwangu lina siku mbili za kuishi. Hass imetoka Murang'a, imeshuka Mombasa, imepanda Malindi, Garsen, Witu, imevuka maji, imewekwa kwenye shogi la punda, na bado ina uso mkavu. Ndiyo inayojaa sokoni mbele ya Ngome. Nikayatazama matunda mengine kwa jicho hilo na nikaona kwamba yale ninayoyapenda hasa, karibu yote ni yale yasiyoweza safari.

Topetope. Likiiva magamba yake yanaachana, na weupe unaonekana katikati kama ufizi wa mtoto. Hulikati, unalifungua kwa vidole viwili. Kila pingili ina kokwa jeusi linaloteleza, unamumunya na kutema, unamumunya na kutema, na karibu na ganda kuna chengachenga kama sukari ambayo haijayeyuka. (Kokwa hizo bibi alizisaga kwa kuua chawa, akitufunga macho kwa kitambaa kwanza, maana unga wake ukiingia jichoni utajuta.) Mwaka jana nilitaka kuleta kikapu kizima kutoka kwa ami. Bodaboda mpaka Mokowe, nimekikumbatia. Kwenye boti nikakiweka miguuni, wimbi moja likatupiga, begi la mtu likashuka juu yake. Tulipofika gatini kikapu kilikuwa kinavuja uji mweupe wenye kokwa nyeusi, na nusu yake uko kwenye buibui la dada aliyekaa karibu nami. Nikamwambia, "Niwie radhi, dadangu." Akanusa upindo wa buibui, akasema, "Radhi umepata. Hakuna hata moja zima?"

Stafeli ni nduguye, wa ukoo mmoja, lakini kubwa, lenye miba laini na ukali mzuri unaovuta taya. Kulitia blenda ni uvivu, tena ni hatari, maana kokwa zake hazifai kusagwa. Unaosha mikono, unalipondaponda kwenye chujio na maji kidogo mpaka kokwa zote zibaki juu. Linachosha. Naliuza bei ya juu na sina aibu.

Bibo ndilo lenye msiba mkubwa zaidi. Korosho inayoning'inia chini yake imezunguka dunia kwenye pakiti, na lenyewe linaoza chini ya mkanju siku ile ile lililoanguka, na kama halijaoza, limekutia doa kwenye kanzu lisilotoka. Shokishoki na doriani huku si za sokoni, huja kwenye mkoba wa mtu aliyetoka Unguja, na doriani moja mtaani kwetu, kwa harufu yake, ilileta kikao cha wazee.

Bungo peke yake ndilo limekataa kanuni yangu. Ni la msituni, mwenyeji wa Afrika, si mgeni aliyekuja na Wareno kama wengi wa hawa. Ganda nene kama la kibuyu kichanga, linafika kwangu kwenye gunia limetupwatupwa na halijali. Unalipasua kwa kuligonga, ndani kuna nyuzi za rangi ya machungwa zimeshikilia mbegu, unalovya, unafikicha kwa mkono, unachuja, sukari, barafu. Wakati wa Ramadhani siwezi kutosheleza watu. Mteja mmoja kutoka Nairobi alikunywa gilasi mbili akaniuliza ni embe ya aina gani. Nikamwambia ni embe iliyokwenda chuoni.

Kwa hiyo kuanzia wiki hii ubao una mabadiliko. Juisi ya pea ni pea la Hindi, ikiwepo, na isipokuwepo hakuna, msinigombeze. Hass nimeihamishia kwenye mkate: nusu pea, chumvi, ndimu, pilipili, sh. 80. Mtoto ameandika sh. 8, tumefuta.

Na jana usiku ami alipiga simu. Matopetope matano yamepasuka mtini, akaniuliza amtume nani ayalete. Nikamwambia asimtume mtu. Nitapanda boti ya kwanza ya asubuhi, nitafunga dirisha mpaka adhuhuri, na nishatia kijiko kwenye mkoba, ingawa topetope halina haja ya kijiko.