Kufuli la mlango na ishara ya "nani"

Kaka yangu analima tumbaku katika wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, na ana binti asiyesikia. Uziwi wake ulitokana na homa ya uti wa mgongo aliyougua akiwa na umri wa miaka mitatu, na tangu hapo alikua katika nyumba yenye upendo mwingi na ishara chache: ya kula, ya maji, ya kulala, ya mbuzi, na ya kumwita mama yake. Sitataja jina lake wala la kijiji, kwa kuwa habari hii ni yake, nami nimeiazima tu.

Wanaoijua tumbaku wanafahamu kwamba haimpi mtu nafasi ya kupumzika. Kuna kitalu, kupandikiza, kupalilia, kukata vilele, kuchuma majani, kuyafunga kwenye vijiti, kisha kukesha penye bani, yaani banda la kukaushia majani, mkiangalia moto, na kila mwenye mikono huitwa. Msimu wa kuchuma ulipofika, wifi yangu alikuwa akimfungia binti ndani kwa kufuli na kumwachia uji, kwa sababu aliogopa kwamba hatasikia pikipiki barabarani, wala ng'ombe wanaokimbia, wala mtu anayemwita. "Wifi, mimi namlinda," aliniambia. Sikuwa na la kumjibu, maana huenda nami ningefanya vivyo hivyo. Husemwa kwamba familia huwaficha watoto wenye ulemavu kwa aibu. Aibu ipo, siikatai, lakini katika nyumba nilizoingia mimi, kile kinachoitwa kuficha mara nyingi ni woga uliochanganyika na kukosa mtu wa kubaki na mtoto.

Kufuli, hata hivyo, humzuia mgeni tu. Anayemdhuru mtoto mara nyingi ni yule anayefahamu ufunguo unawekwa wapi.

Jioni moja wazazi walirudi shambani wakamkuta amejikunyata nyuma ya magunia, na tangu siku hiyo hakukubali kumsogelea mtu mmoja aliyezoea kuja pale kusaidia kazi za bani. Mama yake alitaka kumwuliza mambo matatu, yaani nini kimetokea, nani amefanya na lini, lakini hakuwa na ishara hata moja ya kuulizia. Alimshika mabega akalia, na mtoto, alipoona mama analia, akadhani amekosea yeye.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaenda kwa mtendaji, hatimaye tukafika kwenye kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto. Askari aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti, akamtazama mtoto kwa muda, kisha akauliza, "Sasa huyu atatueleza vipi?" Mkalimani hakuwapo, na shauri likaishia pale mezani. Mtu yule alihama msimu uliofuata. Kilichotokea siku ile hatukijui mpaka leo.

Baadaye nilianza kusoma, kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, jambo ambalo sisi tulikuwa tumelitimiza pasipo kulijua. Sheria ya Ushahidi nayo inamruhusu shahidi asiyeweza kuongea ajieleze kwa maandishi au kwa ishara, na marekebisho ya mwaka 2016 yalimwezesha mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli. Kwa hiyo mahakama haikumfungia binti yetu mlango. Kilichokosekana ni lugha ambayo mkalimani angeweza kuisoma, maana ishara ya mbuzi na ya uji haziwezi kubeba ushahidi. Hata namba 116, ambayo ni ya bure na imewekwa mahususi kwa ajili ya watoto, ni namba ya kupiga simu. Mtoto kiziwi humtegemea mtu mwingine ampigie, na mtu huyo lazima kwanza amwelewe. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba watoto wenye ulemavu hupatwa na ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Nilipoisoma takwimu hiyo niliyakumbuka yale magunia.

Binti alipata nafasi katika shule ya bweni ya viziwi. Mkoa wetu una historia katika jambo hili, kwani shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa Tabora mjini mwaka 1963. Bwenini alijifunza Lugha ya Alama kutoka kwa wenzake kwa kasi iliyotushangaza, na likizo ya kwanza alitusimulia mambo marefu kwa mikono, nasi tukawa tunatikisa vichwa kama wasikilizaji wa redio ya nchi ya mbali. Semina za ulinzi wa mtoto nilizowahi kuhudhuria zilinipa fulana, soda na maelezo ya haki. Hakuna hata moja iliyonifundisha ishara kumi.

Basi tukajifunza kwake. Tulianza na sehemu zote za mwili, za siri zikiwemo, jambo lililomtia bibi yake haya hadi akatoka nje, kisha akarudi. Zikafuata "inauma", "naogopa", "sitaki", "wapi" na "lini". Viziwi humpa mtu jina la ishara kutokana na kitu kinachoonekana kwake, kama kovu, kofia au mwendo, na binti alimpa kila mmoja wetu la kwake. Mimi ni miwani. Yule aliyehama hakumpa jina, nasi hatukumlazimisha.

Wifi yangu sasa hubaki naye likizo, na shamba limepunguzwa kwa ekari moja. Kaka yangu, ambaye vidole vyake vimekuwa vigumu kwa utomvu wa tumbaku, bado anakosea ishara ya "nani". Binti humshika mkono, akavipanga vidole upya kimoja kimoja, kisha akamwamuru arudie.