Siku moja maishani mwangu: chungu kimepasuka na mteja yuko njiani

Saa 12 asubuhi nishafika karakana, huku Vingunguti, Dar. Leo tunasubu puli (magurudumu ya mkanda) za mashine za kusaga, yaani tunayeyusha alumini chakavu na kuimwaga kwenye moldi (kalibu), mteja anatoka Morogoro anazitaka jioni. Dogo anachambua skrepa, pistoni na rimu ndo zinaingia, fremu za madirisha tunaweka pembeni maana alumini yake haitiririki vizuri kwenye moldi.

Saa 1 nakagua vyombo kabla ya kuwasha moto. Chungu cha kuyeyushia ukikigonga kikiwa kizima kinalia kama kengele, leo nimegonga kikatoa sauti imekufa kabisa. Nikakigeuzia kwenye mwanga, ufa mwembamba umeanzia mdomoni mpaka chini ya katikati. Zamu iliyopita walikipasha na alumini iliyogandia ndani, na alumini ikipata moto inatanuka kuliko chungu chenyewe, lazima kiachie tu.

Saa 2 mzee mwenye karakana kafika. "Fundi, si tuzibe na udongo wa tanuri tumalizie leo tu?" Nikamwambia hapana mzee, hicho hakibebeki. Jamani alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 na sisi tunamwaga juu ya 700, sasa chungu kikiachia mkiwa wawili mmekinyanyua na koleo ule uji wote unashukia miguuni, af ukigusa zege yenye unyevu maji yanageuka mvuke yanatanuka mara 1,600 hivi, zege inapasuka inaruka na alumini inaruka nayo. Dogo akauliza vipi tukitumia mtungi wa chuma uliokatwa, nikamwambia alumini ya moto inakula chuma, puli zitakuwa za kukatika katika. Mzee akanyamaza kidogo, akachukua simu akampigia mteja kwamba zitachelewa. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Saa 3 tumetoa chungu kipya stoo. Hakiingii kwenye moto mkali hivihivi, kinanyonya unyevu hewani, kwa hiyo tunakipasha kitupu na moto mdogo, taratibu, mpaka kikauke ndo tunapandisha mpaka kiwe chekundu. Hapo hakuna kuharakisha hata mteja akiwa amesimama mlangoni. Huku nyuma nikapeleka koleo kwa mchomeleaji maana mkono mmoja ulikuwa umepinda, likarudi tukajaribu kunyanyulia mzigo wa baridi kwanza.

Saa 7 skrepa ndani, bloa ya kupuliza moto inavuma, oil chafu inawaka. Vipande unaviweka vikiwa vimelegea, usivibanize, vikitanuka vitapasua chungu.

Saa 9 na nusu tumeondoa uchafu wa juu tukamwaga, sakafu tumetandaza mchanga mkavu. Kimya, kila mtu anaangalia mkono wake.

Saa 11 kuvunja moldi. Puli mbili zina vishimo, zimerudi kwenye skrepa, nyingine safi, mteja kapakia kaondoka. Kile chungu kibovu nimekivunja na nyundo, maana kikibaki pembeni kuna siku mtu atakirudisha kwenye tanuri. Mzee nimemwambia stoo haina kingine, kesho kinunuliwe chungu kabla ya skrepa.