Namba ya Behewa

Nilipoumia bega kazini, kwenye yadi ya reli huko Illinois, mzee mmoja wa zamu yetu alinikuta nimekaa juu ya kokoto akaniuliza, "Namba ya behewa umeipiga picha?" Nilimwona hana utu. Bega linawaka moto, yeye anauliza namba!

Nilikuwa nafunga breki ya mkono ya behewa la nafaka. Usukani wa breki uligoma, nikauvuta kwa nguvu zote, ukaachia ghafla. Basi. Picha akaipiga yeye.

Mimi nilidhani mambo ni kama kwetu Kenya, ambako sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, ile WIBA, haikudai uthibitishe kosa la mwajiri. Hata hapa Marekani, wenzangu wa maghalani hulipwa bila kuulizwa nani alikosea. Lakini mtu wa reli ana sheria yake ya fidia, FELA ya 1908. Lazima uonyeshe kampuni ilizembea, japo kidogo, na kosa lako wewe likipatikana, malipo yanapunguzwa kwa kadiri yake. Ukishinda, hata maumivu yana fidia. Ukishindwa, huna kitu. Muda wa kushtaki ni miaka 3.

Jioni ile ile nilijaza fomu ya ajali, kwa sababu kuchelewa kuripoti nako ni kosa. Msimamizi akasimama nyuma yangu: "Andika tu kwamba ulivuta vibaya, yaishe." Niliandika kilichotokea: breki iligoma, kisha ikaachia. Sehemu ya kasoro za vifaa nikajaza "ndiyo". Hospitalini alitaka kuingia nami kwa daktari. Nikamwomba angoje nje, akanuna, akangoja. Siku ya tatu akapiga simu afisa wa madai wa kampuni, mpole kupita kiasi, akitaka kunirekodi maelezo. Nikamwambia nitaongea nikishaonana na mwakilishi wa chama chetu. Upole ukaisha hapo hapo.

Wakili ndiye aliyenieleza ile picha ilikuwa na thamani gani. Sheria za vifaa vya usalama vya treni zilianza 1893, na breki za mkono zikaingizwa 1910. Breki ikithibitika kuwa mbovu, kampuni haiwezi kujitetea kwamba ilikuwa makini, na uzembe wako hauhesabiwi tena. Lakini utathibitishaje, na behewa lenyewe ni la kampuni nyingine, na baada ya siku mbili limeshafika Nebraska? Kwa namba ile wakili aliomba kumbukumbu za ukaguzi na matengenezo. Breki ilikuwa imetengenezwa wiki moja baada ya mimi kuumia.

Tulipatana bila kufika mahakamani, baada ya miezi 14. Wakili alichukua fungu lake, na Bodi ya Mafao ya Reli ikakata humo posho ya ugonjwa iliyokuwa imenilipa. Kilichobaki kilinitosha. Mkono wa kulia bado haufiki rafu ya juu jikoni, kwa hiyo majani ya chai siku hizi yanakaa chini, karibu na chumvi.