Siku moja na lango jekundu, Moshi

Saa 12:40 asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kiko wazi kabisa, cheupe juu. Saa tatu mawingu yatakuwa yameshakifunika, kwa hiyo nakitazama vizuri nikisubiri daladala Kiboriloni.

Saa 2:00. Ofisini. Tunatengeneza programu ya mikopo kwa ajili ya SACCOS, chama cha akiba na mikopo. Kila usiku SonarQube, chombo cha kukagua msimbo, huusoma msimbo wetu wote bila kuuendesha, na asubuhi tunakuta majibu. Leo lango la ubora, yaani kipimo cha kufaulu au kufeli, ni jekundu: maonyo mapya 3. Ya zamani yamepita 1,800, nayo siyagusi. Mwaka wa kwanza nilijaribu kuyamaliza yote, nikaharibu sehemu mbili zilizokuwa zinafanya kazi vizuri. Sasa tunalinda msimbo mpya, wa zamani tunausafisha tukiwa na shughuli nyingine palepale.

Saa 3:00. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo anaingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Njoo uone mstari wako."

double kiwango = asilimia / 100;

Asilimia ni int, yaani namba nzima, na 100 nayo ni namba nzima. Java, lugha tunayoandikia programu, ikigawa namba nzima kwa namba nzima hutupa desimali, kwa hiyo 12 gawa kwa 100 inakuwa 0. Kuiweka kwenye double, aina ya namba yenye desimali, baada ya hapo ni kuchelewa. Mkopo wa shilingi 2,000,000 ungetozwa riba sifuri badala ya 240,000.

"Mbona nilijaribu ikakubali?"

Alijaribu kwa asilimia 100, na 100 gawa kwa 100 ni 1 kamili! Tumehamia BigDecimal, aina ya namba inayotunza desimali kamili, maana hata double haifai kwa fedha: 0.1 jumlisha 0.2 inakupa 0.30000000000000004.

Saa 4:30. Chai na vitumbua.

Saa 5:00. Onyo la pili ni langu. Niliandika catch, sehemu inayopaswa kushughulikia kosa likitokea, Ijumaa jioni, ndani hakuna kitu. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, kosa linamezwa na mwanachama anabaki na deni alilokwisha kulipa. Limeniuma. Nimelirekebisha kabla ya kugusa kingine.

La tatu limetugombanisha. Funksheni ya kanuni za wadhamini imefika ugumu wa 17, yaani kipimo cha jinsi msimbo ulivyo mgumu kueleweka, na kikomo ni 15. Mwenzangu anataka tulinyamazishe onyo.

"Sawa kaka, ila andika sababu."

Ameanza kuandika, sababu ikamshinda, akaigawa funksheni ikawa mbili.

Saa 10:00 jioni. Lango ni kijani. Chombo kinajua mgawanyo wa namba, hakijui katiba ya chama, kwa hiyo nampigia mhasibu wao.

"Mama, hii 12 ni ya mwaka au ya mwezi?"

"Ya mwaka, mwanangu. Ila kwa salio linalopungua."

Sisi tumekokotoa kwa mkopo wote. Nimemwita kijana arudi kwenye kiti.